Ndoo Sita za Maganda

Kwenye ghorofa yetu hapa Kamakis, Ruiru, kuna milango saba, na mmoja ni wangu. Ile sita mingine niliijua kwa maganda.

Nilihamia Ruiru kutoka Thika baada ya mke wangu kufariki. Nilikuwa nimestaafu kiwandani, sina mtoto, na nilijua nikikaa bure nitazeeka kwa wiki moja. Mwenye nyumba akaniruhusu kutumia paa. Nikapandisha magunia ya udongo moja moja, nikapanda mboga: sukuma wiki, terere na managu. Udongo wenyewe ulikuwa wa kubahatisha, ukataka mbolea, kwa hiyo nikampelekea kila jirani ndoo tupu ya rangi. Masharti niliyaweka mimi: maganda ndani, ndoo nje ya mlango jioni, asubuhi nachukua. Hakuna haja ya hodi, nikawaambia, tusisumbuane. Wakakubali haraka sana.

Siwezi kusema sikufurahia. Mama tunayepakana ukuta, mtu wa Kakamega, humenya viazi mbiombio, nusu ya kiazi inabaki kwenye ganda. Mlango wa tano hula mayai mwisho wa mwezi, siku nyingine ni ndizi tu. Kuna mtu alinitilia nepi mara moja. Nilimrudishia mlangoni na ndoo yake, nikanuna wiki nzima, ingawa hakuna aliyeniona nikinuna. Kila Jumamosi nilifunga fungu la mboga kwenye mkono wa kila ndoo. Mboga zilichukuliwa, nami nikajihesabu mtu mwenye majirani.

Julai iliyopita baridi ilinishika kifua. Siku nne sikuweza kutoka kitandani ila kwenda chooni, nikishika ukuta. Niliwasikia wakienda kazini na kurudi, ndoo zikikwaruza sakafu. Siku ya pili nilijipa moyo kwamba leo mtu atajiuliza huyu mzee yuko wapi. Siku ya tatu niliwasikia wakilalamika kwenye korido kwamba ndoo zimejaa. Nilitaka kuita, nikaona haya. Mimi ndiye niliyesema tusisumbuane.

Siku ya nne mlango ukabishwa, na nikafurahi kupita kiasi. Alikuwa mwangalizi wa ploti yetu.

"Mzee, hizo ndoo zimeanza kunuka, watu wamelalamika," akasema. "Toa leo."

Kisha akaliona blanketi mabegani mwangu, akasema pole, akashuka ngazi. Nilifunga mlango nikalia, mtu mzima na mvi zangu. Harufu ya maganda ilikuwa imewasumbua wote. Kutoonekana kwangu hakukumsumbua yeyote.

Nilizipandisha ndoo mbili mbili, nikipumzika kila ngazi chache. Juu, sukuma ilikuwa imelegea majani kwa kukosa maji. Niliimwagilia, nikaosha ndoo, nikashuka. Zile tano niliziacha milangoni kama kawaida. Ya sita nilikwenda nayo kwa mama wa Kakamega nikabisha, kwa mara ya kwanza.

Alifungua akiwa na povu la sabuni hadi viwikoni. Akanyoosha mkono achukue ndoo, nami sikuiachilia.

"Nilikuwa mgonjwa," nikamwambia. "Siku nne."

Alisimama hapo povu likimdondoka. Akasema walidhani nimesafiri kwa watoto. Nikamwambia sina watoto, na mke wangu alishafariki.

"Na si ungegonga hata ukuta?" akasema. "Mimi niko hapa tu."

Alijipangusa mikono kwenye leso, akaniangalia, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani wewe huitwa nani?"

Miaka mitatu amekula mboga zangu. Nilikuwa karibu kukasirika, nikakumbuka kwamba mimi pia sikujua jina lake. Nikamwambia langu, nikamwuliza lake.