Mkalimani anayejifunza kusema "mimi"

Saa mbili asubuhi ukumbi wa mihadhara umeshajaa pomoni. Mhadhiri wa takwimu anaandika huku akizungumza na ubao wenyewe, na wanafunzi mia mbili wameinamia madaftari. Hatua tatu kutoka kwake amesimama mwanamke aliyevaa blauzi nyeusi, isiyo na ua wala kifungo cha kung'aa. Mikono yake haitulii.

Anaifinya hewa, anaipanga, anaigawa mafungu. Neno "sampuli" linapotajwa, anachovya ncha ya kidole kiganjani na kuipeleka ulimini, kama mpishi anayeonja mchuzi. Kwenye safu ya mbele, binti wa mwaka wa tatu aliye kiziwi anaitikia kwa kichwa na kuandika.

"Hiyo ishara tumeitunga mimi na yeye," anasema mwanamke huyo baada ya kipindi, akinyoosha vidole vilivyokakamaa. "Kwenye kamusi haimo. Tungesubiri kamusi, mtihani ungetukuta tumekaa."

Wanafunzi humwita Mama Mikono. Viziwi wana jina lao: kidole cha shahada kikigusa meno ya mbele, kwa sababu ya mwanya wake. Ana miaka arobaini na mmoja, na kwa miaka kumi na mmoja amekuwa mkalimani wa lugha ya alama katika chuo kikuu hiki, chenye wanafunzi viziwi tisa na wakalimani wawili. Ukipiga hesabu hiyo utajua kwa nini vidole vinakakamaa.

Hulipwa kwa saa, na chuo kikifungwa, malipo nayo hufungwa. Ili apate ada ya muhula wa kwanza aliuza cherehani yake. Maana Mama Mikono, ikifika saa nane mchana, anageuka mwanafunzi: ameanza shahada ya uzamili katika idara ya isimu, kwenye jengo lile lile analosimama kila asubuhi.

Siku ya kwanza aliwahi kuliko wote. Mhadhiri alipoingia alimkuta amesimama mbele, kando ya ubao, mikono tayari.

"Mkalimani, mwanafunzi wako hajafika?" mhadhiri akamuuliza.

"Mwanafunzi ni mimi," akajibu, kisha akaangua kicheko peke yake, akaenda kutafuta kiti. Mzoea punda hapandi farasi. Anasema kiti chenyewe kilimshinda dakika kumi nzima, kwa sababu alikuwa ameshasahau wenzake huutazama ubao wakiwa upande gani.

Kilichofuata siku ile hawezi kukisimulia bila kuweka mkono kifuani. Mhadhiri alieleza kwamba katika lugha za alama nyingi, nyusi ni sehemu ya sarufi. Ukiziinua, sentensi inakuwa swali. Ukizikunja, inakuwa swali la namna nyingine. Watu wamekaa, wamepima, wameandika vitabu juu ya nyusi.

"Nyusi zangu!" anasema, na machozi yanamlengalenga hata sasa. "Nimezipandisha na kuzishusha tangu utotoni, nikidhani ni uso tu. Kumbe nina sarufi hapa, juu ya macho. Mwenzio nilitaka kupiga magoti darasani."

Jioni ile alipitia karakana ya kaka yake, fundi seremala aliye kiziwi tangu akiwa na miaka sita. Akakaa kwenye gogo akimkodolea macho usoni, mpaka kaka mtu akaweka msumeno chini na kumuuliza kwa ishara kama amepata homa.

Kisha maktaba. Kwa miaka yote kumi na mmoja alikuwa akiingia humo akimsindikiza mwanafunzi, na mlinzi akimpitisha kama mtu apitishavyo mwavuli wa mgeni. Safari hii alikuwa na kitambulisho chenye picha yake. Alipanda ghorofa zote sita kwa ngazi, hakugusa kitabu, akashuka.

"Niliogopa, lakini si woga wa kukimbia," anaeleza. "Kila kitabu mle ni mtu aliyeuliza kitu na hakulala mpaka akajua. Watu wote hao! Na sisi tumekua tukiambiwa tuache maswali mengi."

Siku ya pili alithubutu kufungua kimoja. Kurasa nne baadaye akagundua kwamba watu wa meza ya jirani wanamtazama. Alikuwa akisoma kwa mikono.

Hata hivyo, furaha hiyo ilikuwa na tarehe. Shahada yake ya kwanza aliisoma chuo kingine, jioni jioni, kwa kuungaunga, na alama zake hazikuwa za kujivunia. Kwa hiyo chuo kilimdahili kwa masharti: ndani ya wiki sita awe amesimama mbele ya jopo la wahadhiri watatu na kutetea wazo la utafiti lililo lake mwenyewe. Akishindwa, jina linafutwa. Na ruhusa ya kusoma mchana aliyopewa kazini ni ya mara moja tu, haiombwi tena.

Wazo lililo lake mwenyewe. Hapo ndipo mguu ulipoteleza.

Anayefahamu kazi ya ukalimani ataelewa. Kiziwi akisema "nimechoka", mkalimani husema "nimechoka". Hasemi "anasema amechoka". Hiyo ndiyo sheria: mdomo ni wa mkalimani, lakini "mimi" si yake.

"Kwa mdomo huu nimeposwa," anahesabu kwa vidole. "Nimefukuzwa kazi. Nimefiwa na mama mara mbili. Nimefaulu fizikia. Nimemwambia daktari mambo ya ndani ambayo hata kuyataja hapa siwezi. Na katika yote hayo hakuna hata moja langu."

Sasa, kila alipoulizwa darasani "wewe unaonaje?", alijikuta akigeuka kumtafuta mtu wa kumsemea. Msimamizi wake ni kijana wa miaka thelathini na minne ambaye wote humwita Daktari, mpole wa ulimi na mkali wa kalamu. Karatasi ya kwanza ilirudi ikiwa nyekundu tupu. Kila aya ilikuwa ya wengine: huyu amesema hivi, yule akasema vile. Pembeni Daktari alikuwa ameandika maneno yale yale mara saba: "Haya ni mawazo ya nani?"

"Ananiamkia shikamoo vizuri kabisa, halafu ananichinja," anacheka Mama Mikono.

Akaambiwa kwamba katika maandishi ya kitaaluma mtu hujiita "mtafiti". Akafurahi, akaona amepata pa kujificha. Mtafiti ameona, mtafiti anakusudia, mtafiti anaamini. Daktari akamwita ofisini.

"Mama, huyu mtafiti anaamini nini hasa?"

"Sijui, Daktari. Nami namsubiri aje anieleze."

Walicheka wote wawili, lakini alipotoka nje akahesabu siku. Wiki ya tano ilikuwa imeisha nusu.

Jumamosi yake alikwenda karakana kufanya mazoezi. Alisimama katikati ya mbao na maranda, akamtolea kaka yake pendekezo zima kwa lugha ya alama, dakika ishirini. Lilihusu ishara mpya zinazotungwa na wanafunzi vyuoni. Kaka aliangalia mpaka mwisho, kwa adabu.

"Umesema ya watu wote," akamwambia alipomaliza. "Ya kwako je?"

Akajibu kwamba hana ya kwake. Mkalimani hasemi ya kwake.

"Uliwahi kusema," kaka akajibu. "Siku ile ya hospitali."

Mama Mikono anasimulia sehemu hii polepole. Alikuwa na miaka tisa, kaka yake kumi na miwili. Mama yao, asiyejua ishara zaidi ya "njoo", "kula" na "lala", aliwapeleka wote hospitalini ili binti atafsiri. Daktari wa masikio alipima, akaandika dawa ya usaha, kisha akasema kwamba mtoto huyu hatasikia tena maisha yake yote. Mama akageukia ukutani. Kaka akamvuta mdogo wake nguo: amesema nini?

"Nikamwambia, 'Dawa ikiisha utasikia,'" anasema. "Niliona ile chupa ilivyo kubwa, nikajua itachukua siku nyingi kuisha."

Hawakulizungumza tena. Aliliweka moyoni miaka thelathini na miwili, na anaamini ndilo lililomfanya awe mkalimani mkali kuliko wote, asiyeacha hata "eh" ya mhadhiri.

"Nilijua siku ile ile," kaka yake akamwambia pale karakana. "Mikono yako ilisema nitasikia. Nyusi zako zilisema hapana. Mimi nikaamini nyusi."

Alilia. Kaka akampa kitambaa chenye vumbi la mbao, yeye akajifuta nacho, akapiga chafya, wakacheka. Na katikati ya vumbi lile, mwanamke aliyekuwa amezunguka wiki tano akitafuta swali la utafiti akaliona limesimama mbele yake muda wote: mkalimani anapoacha neno, analiacha kwa nini? Na yule asiyesikia huwa anajua kwa kiasi gani?

"Mwili wote ulisisimka," anasema. "Nikajiambia, hivi na hili nalo linaruhusiwa kuulizwa? Pale chuoni? Na watu wenye joho?"

Pendekezo la zamani alilitupa, akaandika jipya kwa siku tatu. Daktari alilisoma mbele yake bila kushika kalamu nyekundu. Alimwonya jambo moja tu: mkalimani akikiri hadharani kwamba huacha maneno, anaweza kujiharibia riziki. Wanaomwajiri watauliza: je, kwetu ameacha mangapi? Ilikuwa kumwaga mtama penye kuku wengi.

Alijua. Alimweleza kwanza yule binti wa takwimu, ambaye masikio yake chuoni ni yeye. Binti akauliza, "Kwangu umewahi?" Akamjibu: mara mbili, mhadhiri alipotoa mzaha juu ya viziwi. Binti akamjibu kwa ishara: "Ile mizaha miwili niliiona. Nilikuwa nangoja uitafsiri nimjibu."

Jumatano ya wiki ya sita alisimama mbele ya jopo. Mikono yake, anasema, ilitaka kuanza kabla ya mdomo, akaishika nyuma ya mgongo. Maneno ya kwanza yalikuwa haya: "Mimi ni mkalimani, na mimi niliwahi kuacha neno."

Aliwaeleza ya hospitali. Kisha akaeleza atakavyofanya: wakalimani kumi na wawili, viziwi kumi na wawili, kila mmoja akihojiwa kwenye chumba chake, siri yake ikilindwa.

Mwenyekiti wa jopo, mzee anayejulikana kwa kuwatoa watu jasho, akavua miwani. "Unadhani wakalimani watakwambia ukweli? Si watakuwa wanajikaanga wenyewe?"

Zamani angegeuka kutafuta wa kumjibia. "Sijui kama wataniambia," akasema. "Lakini mimi nimewaambia ninyi, na kazi yangu naipenda, na kesho asubuhi nina kipindi."

Wakamtoa nje. Alikaa kwenye benchi la korido dakika ishirini na tano, akitazama mlango. Daktari ndiye aliyetoka.

"Shikamoo, mama. Umepita. Ukurasa wa tatu nitauchinja upya."

Amepita, na sharti limefutwa. Barua ya jopo ameikunja mara nne na kuichomeka kwenye mfuko wa kitambulisho. Kazini bado yupo, ingawa ofisi moja iliyokuwa ikimwita kwenye mikutano haijampigia tangu habari zienee. Hilo linamuuma na hafichi. Anatarajia kumaliza kwa miaka miwili, kisha aanzishe mafunzo ya wakalimani wa hospitali, ili asiwepo tena mtoto wa miaka tisa wa kusimama kati ya daktari na nduguye.

"Sikujua mtu anaweza kulichukua jambo lililomkaba koo miaka yote hiyo, akalipeleka chuo kikuu, wakamwambia karibu, kaa, tulichunguze," anasema. "Bado nashangaa. Nikipita pale getini nashangaa upya."

Mwandishi wa makala haya aliomba kumsikia kaka yake pia. Tulimkuta akipiga randa mlango, na mdogo wake akawa mkalimani wetu. Swali lilikuwa fupi: anaonaje mdogo wake kuwa mwanafunzi tena?

Seremala aliweka randa chini, akaongea kwa mikono karibu dakika nzima, mara akijigusa kifua, mara akimwonyesha yeye. Mama Mikono akatazama chini. "Anasema anafurahi," akatafsiri.

Kaka akapiga meza kofi, vumbi likaruka. Hakusikia lililosemwa, lakini aliona lilivyokuwa fupi. Akaonyesha mdomo wa mdogo wake, kisha akachora duara kubwa hewani: lote.

Mkalimani akavuta pumzi, akamtazama kaka yake usoni, na akaanza upya kama sheria ya kazi yake inavyotaka.

"Mimi nilidanganywa na mdogo wangu mara moja tu, kwa sababu alinipenda na alikuwa mtoto. Sikuwahi kumlaumu. Nilichotaka ni siku moja asimame aseme yeye mwenyewe, bila mimi, bila mtu. Nimeambiwa amesimama. Mimi sikwenda shule ya maana, lakini leo hakuna fundi mwenye fahari kama yangu katika mtaa huu, na mlango huu ninaotengeneza ni wa chumba chake cha kusomea."

Alipofika kwenye neno "mlango" sauti ilimkatika, kwa kuwa habari hiyo ndiyo kwanza alikuwa ameipata. Kaka yake alingoja, macho kwenye midomo yake, mpaka akalimaliza neno la mwisho.