Pipa la Maji ya Mvua

Mjukuu wangu akifungua mashine ya boti, harufu ya petroli na chumvi hunirudisha kwetu Mkwiro, ambako tulikunywa maji ya mvua.

Mashine ya boti ya baba ilizama baharini, akaiopoa. Fundi akamwambia, "Nunua nyingine. Au itie kwenye maji matamu, isipate hewa ikashika kutu, mimi nikafuate vipuri Mombasa."

Maji matamu yalikuwa pipa moja tu, letu la kunywa. Baba akamtazama mama.

"Wanitazama nini? Itumbukize!" mama akasema. "Mpya utainunua kwa ndevu zako?"

Siku tatu tulikunywa maji ya kisima, ya chumvi. Nililia, na hakuna aliyenibembeleza. Fundi aliporudi akaifungua, haina kutu, akatia vipuri. Baba akavuta kamba mara mbili, haikuwaka. Ya tatu ikanguruma, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, akapiga kigelegele.