Mahindi Yaliyopita Mzani Mara Mbili

Jedwali lilikuwa limekamilika, lakini Lidwina Komba hakutulia. Alifungua dirisha la ofisi, akalifunga, akarudi kulitazama jedwali tena. Kiangazi chote alikuwa amezunguka karakana na viwanda vidogo vya Songea akipima umeme unaotumika na thamani ya kinachozalishwa, ili wenye mradi uliomwajiri wajue ni sekta ipi inayokula umeme mwingi kwa kutoa kidogo. Sekta hiyo ndiyo ingebadilishiwa mota chakavu. Kwa hesabu zake, waliongoza mafundi seremala. Mashine za kusaga zilishika mkia.

Mkia! Mashine ya Pankrasi, baba yake mdogo, pale Bombambili ilikuwa ikipiga kelele mtaa mzima, na mota yake haishikiki kwa joto. Ikiungua kabla hajapata nyingine, Pankrasi atafunga mlango.

Lidwina akachukua bodaboda.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mpimaji umerudi? Mzani wako umesahau nini hapa?"

"Nimekuja kukaa tu."

"Kaa, ila mbali na mota. Ikikuchoma, mama yako atanilaumu mimi."

Alikaa, akainuka, akakaa tena. Ndipo akaingia mama Kunegunda na ndoo iliyofunikwa kitenge cha bluu chenye tundu la moto pembeni. Lidwina alilikumbuka tundu lile. Ndoo hiyo alikuwa ameipima wiki iliyotangulia.

"Mama, umeleta mahindi mengine?"

"Mengine ya wapi? Ni yaleyale. Yalikobolewa hapa, nikayaloweka, nikayaanika. Leo yanasagwa. Kwani wewe umekulia ugali gani?"

"Huko ofisini wanakula chapati," Pankrasi akadakia, na waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

Lidwina hakucheka. Amekulia ugali huohuo mweupe, na mahindi ya kuloweka ameyaanika mwenyewe utotoni, akifukuza kuku. Hata hivyo, siku za kupima aliweka mzani mlangoni na kuihesabu kila ndoo iliyoingia kama mahindi mapya. Mahindi yaleyale yakahesabiwa yakija kukobolewa, yakahesabiwa tena yakirudi kusagwa. Kwenye karatasi, unga ukawa karibu mara mbili ya ule uliotoka kweli, na mashine zikaonekana hodari wa kubana umeme.

Alirudi ofisini akikaribia kukimbia. Abdulhamid, msimamizi wa mradi, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kosa linaeleweka," alisema. "Umeligundulia wapi?"

"Kwa Pankrasi, Bombambili."

"Pankrasi ni nani kwako?"

Angeweza kusema ni mwenye mashine tu.

"Baba yangu mdogo."

Abdulhamid akaweka kalamu chini. "Maseremala wameshasikia kwamba wanaongoza. Leo nibadilishe, kesho waambiwe mpimaji ni binti wa mwenye mashine?"

"Basi nitoe mimi. Mzani apewe mwingine, apime upya mashine zote, siyo ya baba mdogo peke yake."

"Na akipata jibu lilelile la mwanzo?"

"Nitalipokea."

Mzani akapewa Zuhura, mwenzake kutoka Tunduru, ambaye hakuwa na ndugu hata mmoja Bombambili. Lidwina alikatazwa kumwelekeza lolote. Siku Zuhura alipoanza kazi kwa Pankrasi, Lidwina aliisimamisha bodaboda ng'ambo ya barabara, akabaki juu ya pikipiki akitafuna ukucha.

"Dada, unashuka au twende?" dereva akauliza.

"Subiri kidogo."

Mwanamke mmoja akatua ndoo juu ya mzani. Zuhura akainama kusoma, kisha akasita. Akafunua kitambaa, akachota punje kiganjani, akazitazama: nyeupe, hazina ganda.

"Mama, haya yamekobolewa tayari?" sauti yake ilivuka barabara.

"Yamekobolewa hapahapa, mwanangu. Nimeyarudisha."

Zuhura akaishika ndoo kwa mikono miwili, akaitoa juu ya mzani bila kuandika kitu.

"Twende," Lidwina akamwambia dereva.