Gari la Maridadi Halizimwi

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Maridadi, na kinyozi huyo alilipokea jina hilo kama haki yake. Alikuwa na miaka sitini na mbili, shati lililonyooshwa kwa pasi mpaka kwenye vifungo, na ndevu alizozichonga mwenyewe kila asubuhi kabla hajafungua duka. Alipofiwa na mkewe, watu walidhani angeoa tena. Yeye akanunua gari.

Lilikuwa gari fupi, lililokatika nyuma, jekundu la kung'aa, lenye viti vya ngozi na rimu ambazo alizipiga mswaki kila Jumapili. Tusidanganyane, mswaki wenyewe ulikuwa wa meno. Gari lilishapita mikononi mwa watu watatu kabla yake, na Maridadi hakutaka kujua kwa nini wote watatu waliachana nalo. Alilipenda, akaziba masikio.

Kasoro yake kubwa ilikuwa hii: likipata moto ukalizima, haliwaki tena mpaka lipoe, na kupoa kwake ni nusu saa ya kusimama barabarani huku watu wakikupa pole za kinafiki. Fundi wake, mtu mwembamba aliyejulikana kwa jina la Spana, alimweleza kwamba kuna sensa ya injini imechoka, na kwamba nyaya za loki za milango nazo zina mambo yake.

"Niachie gari siku mbili, mzee wangu," Spana alisema.

Siku mbili za kuonekana mtaani kwa miguu? Maridadi hakuwa tayari. Akajitungia sheria yake: gari halizimwi. Akisimama kununua mkate, linanguruma. Akisimama kumpa mtu salamu, linanguruma. Wateja walimwambia gari lake lina pumu, naye akacheka pamoja nao, akaendelea kuwanyoa.

Jumanne ile alikuwa na mjukuu wake. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, na mama yake, binti wa Maridadi, alikuwa muuguzi wa zamu ya asubuhi. Babu alimwita mjukuu "mchumba wangu" na kumfungia mkanda kwenye kiti chake cha nyuma kwa heshima zote. Ilipokaribia saa sita na robo, jua likiwa utosini, walipita kwa mnoa visu kuchukua meno ya mashine ya kunyolea. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Kiyoyozi kilipuliza vizuri. Kutoka mlangoni kwa mnoa visu mpaka kwenye gari hazifiki hatua kumi.

Mwenye gari zima angezima, angemchukua mtoto, na ufunguo angeutia mfukoni. Maridadi aliuacha ufunguo pale pale na injini ikinguruma, akashuka, akausukuma mlango taratibu kwa kiganja ili asimwamshe mchumba. Mlango ukafunga. Kisha loki zote nne zikalia kwa pamoja.

Alivuta kitasa. Akazunguka, akavuta vingine vitatu. Akajaribu na mlango wa nyuma ule mkubwa wa kuinuka. Hakuna uliokubali. Ufunguo wa akiba ulikuwa kwenye droo ya kabati, chumbani kwake, upande wa pili wa mji.

Alijituliza. Mtoto amelala, ubaridi upo, injini inafanya kazi. Akampigia Spana.

"Usiwe na wasiwasi," Spana alisema. "Dakika kumi nipo hapo, nakuja na waya wangu."

Mnoa visu, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana, alikuwa ametoka dukani akijifuta vumbi la jiwe. Aliangalia ndani ya gari, kisha akamwangalia Maridadi.

"Vunja kioo, Baba."

"Fundi yuko njiani. Vioo vya gari hili havipatikani hapa."

"Mtoto yuko ndani."

"Ana kiyoyozi. Tungoje kidogo tu."

Wakangoja. Maridadi alisimama kivulini, macho hayabanduki kwenye kifua kidogo kile kilichokuwa kikipanda na kushuka. Dakika kumi zilipotimia, Spana hakuwa ametokea. Na hapo hapo gari likatetemeka, likakohoa, likanyamaza.

Maridadi alikuwa amezoea kuuogopa ukimya ule kwa sababu ya aibu. Safari hii ulimshika mahali pengine kabisa. Aliweka kiganja kwenye paa la gari, akakiondoa haraka kwa jinsi bati lilivyochoma.

Akampigia Spana tena. "Nimefika kwenye taa za barabarani, mzee wangu. Kuna foleni kidogo."

"Harakisha, tafadhali. Limezimika."

Mtoto aliamka. Alitazama huku na huku, akamwona babu yake kiooni, akatabasamu na kunyoosha mikono yote miwili ili atolewe. Alipoona hatolewi, tabasamu liliondoka. Alianza kulia, na kilio chake kilifika nje kidogo sana, kama redio ya jirani. Nywele zilimganda kwenye paji la uso.

"Mchumba, Babu yupo," Maridadi alisema, mdomo ukigusa kioo. "Babu yupo hapa."

Mnoa visu alirudi na nyundo. Hakumpa, aliishika tu na kusubiri. Maridadi aliiona. Na tusimpake mafuta mtu huyu, aliangalia kona ambako Spana angetokea. Aliangalia mara ya kwanza, na ya pili. Alijiambia kwamba vigae vya kioo vinaweza kumwingia mtoto machoni, jambo ambalo ni kweli. Lakini upande wa mbele ulikuwa na kioo kilicho mbali na mtoto, naye alilijua hilo tangu mwanzo.

Kisha kilio kikapungua. Hakikukoma, kilipungua, kikawa mgumio wa mtu aliyechoka, na kichwa cha mtoto kikaegemea bega.

Maridadi aliinyakua nyundo, akakiendea kioo cha mlango wa mbele. Pigo la kwanza lilidunda, likamrudishia maumivu mpaka kwenye kiwiko. La pili likakosa shabaha, likabonyeza mlango. Alikuwa akisema maneno ambayo baadaye hakuyakumbuka. Pigo la tatu likapasua. Akaingiza mkono, vioo vikamchana mpaka damu, akafungua, akapanda juu ya viti vyake vya ngozi na viatu vyake, akahangaika na kifungo cha mkanda mpaka kikaachia.

Mtoto alitoka akiwa amelowa chapachapa. Mnoa visu alimpokea, akampeleka kivulini, akamvua blauzi, akampangusa kwa kitambaa cha maji na kumnywesha kidogo kidogo. Baada ya muda mtoto alilia kwa sauti kubwa ya hasira, na Maridadi akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya pasi.

Spana alifika na waya wake, akaona kioo, akasikitika. "Ungenivumilia dakika mbili tu, mzee wangu."

Saa tisa alasiri binti wa Maridadi aliingia kwenye duka la kinyozi la baba yake, bado na sare ya kazi. Spana alikuwa ameshamshauri Maridadi aseme kioo kimevunjwa na jiwe la barabarani, na Maridadi alikuwa amelifanyia jiwe hilo mazoezi mbele ya kioo cha duka. Alipomwona binti yake akimpima mtoto joto kwa mgongo wa mkono, kwa mazoea tu, jiwe likamkwama kooni. Akasema yote.

Binti hakupaza sauti. Alimkagua mtoto macho, ulimi na ngozi, kisha akaketi kwenye kiti cha kunyolea.

"Tangu milango ilipojifunga mpaka ulipovunja kioo, ni muda gani, Baba?"

Maridadi alishazihesabu dakika hizo mara nyingi mno mchana ule. "Dakika kumi na tisa."

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikionea huruma kioo, mwanangu."

Maridadi alitamani binti amfokee, amwite mzee mpumbavu, aseme hatamleta mtoto tena. Alishajiandaa kwa hilo.

"Kesho naingia kazini saa moja," binti alisema mwishowe. "Sina mtu mwingine wa kumwachia. Nitamleta."

Akamweka mtoto mapajani mwa baba yake, akatoka nje kutafuta usafiri. Mtoto alikishika kidole cha babu kilichofungwa bandeji, akaanza kukichezea. Nzi alitua kwenye shavu la Maridadi. Alimwacha atembee, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imemshika mtoto na aliogopa kuuachia hata mmoja.