Vazi la Roboti Lililogoma Kuvulika

Gloriose wa pale mtaani Berea mwiteni mwendawazimu, mwenyewe anakubali. Kutwa anashona sare za kwaya na suti za harusi. Akitoka kazini anasoma katuni za anga za juu mpaka macho yanamtoka. Mwaka huu akajiingiza kwenye kikundi cha wapenda katuni wanaofanya burlesque: unapanda jukwaani umevaa kama mhusika wako, unacheza kwa madaha, unavua vazi kipande kwa kipande huku watu wanavunjika mbavu. Alikuwa bado kwenye majaribio. Jumamosi akichekesha, anapewa nafasi ya kudumu, akipooza, kwaheri. Na aliitaka nafasi ile, jamani! Aliitaka kuliko alivyowahi kumtaka aliyekuwa mume wake.

Akajitungia malkia wa roboti, vazi la sponji na kitambaa cha rangi ya fedha. Mishono yote aliipiga bandi tu, ili akivuta kidogo iachie. Ijumaa akamwomba Félicité, fundi mwenzake dukani, alinyooshe kwa pasi, kesho yake amtume mtu alilete ukumbini. La kazi gani, hakusema. Angeanzia wapi, kwa mtu anayeongoza kwaya?

Félicité kuiona ile mishono, akashika kichwa. "Eish! Gloriose ameanza kulipua kazi? Ataaibika mbele ya watu!" Dukani kwao nguo haitoki bila kushonwa mara mbili. Akakaa kwenye cherehani, akakaza kila kipande kwa uzi wa nailoni, kwa upendo wote. Jumamosi mchana akampelekea ukumbini mwenyewe, akabaki pembeni ya jukwaa kutazama.

Muziki ukaanza. Gloriose akazungusha kiuno, akashika mkono wa vazi, akavuta. Wapi! Akavuta kwa meno. Akaukanyaga, akavuta, akabiringika chini mzimamzima. Watu wakaanza kutazamana. Nafasi yake aliiona hiyo inaondoka, machozi yakamlengalenga.

"Weye, acha kuvuta! Utapasua kitambaa!"

Ni Félicité huyo, miwani puani, mkasi mkononi, katikati ya jukwaa. "Mimi nashona, weye unaharibu? Simama sawa!" Akakata uzi, mkono ukaanguka. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Akakata mwingine huku akigomba, na mwingine akigomba zaidi, na Gloriose, mjanja yule, akarudisha madaha yake: kila mkasi ukilia, kiuno kinajibu. Mwishowe malkia akabaki na kaptura ya nyota na fulana ya shanga, na watu wamesimama wanapiga mbinja.

Marwa, mwanafunzi wa Kitanzania anayeongoza kikundi, akaja anajifuta machozi. "Dada Gloriose, nafasi umepata. Ila bila huyu mama wa mkasi, sahau."

Furaha ikamwishia hapohapo. Akamgeukia Félicité, aibu imemjaa. "Dada, nisamehe. Niliogopa kukuambia."

Félicité alikuwa ameinama anaokota nyuzi. Hakuinua hata uso.

"Mazoezi iko siku gani?"