Kanga Nyekundu Nyuma ya Ghala

Usiku ule nyinyi vijana mnaosoma hapa wengine mlikuwa mnanyonya, wengine hamjazaliwa, kwa hiyo msinibishie. Someni mpaka mwisho.

Marehemu mume wangu, Mzee Sefu, alikuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege, kile cha changarawe mbele ya nyumba zetu mbili. Alifyeka nyasi, alifukuza ng'ombe, na alitundika kanga kwenye mlingoti ili rubani ajue upepo unatoka wapi. Ndege ndogo inatua ikiukabili upepo. Upepo ukiwa mgongoni, haisimami upesi. Hilo hata mimi ninalijua. Na kanga ya mlingotini, miaka yote, ilikuwa ya Tatu, mke mwenzangu. Yangu hakuitaka. "Ya Tatu nyepesi," alisema. Nyepesi! Nililimeza neno lile, likakwama.

Hamisi, mwana wa Tatu, akawa rubani. Alipokuwa mchanga, mama yake akaugua, nilimbeba mimi mgongoni mwaka mzima. Lakini alipopita juu na ndege yake ya kuleta dawa za zahanati, bawa aliliinamisha upande wa nyumba ya mama yake. Watu wakamwita Tatu Mama Rubani. Mimi nikabaki Bi Mkubwa tu.

Mzee alipofariki, nilisimamisha mti wangu nyuma ya ghala la zamani la pamba, pale ambapo rubani anafika kwanza, nikatundika kanga nyekundu, mpya. Nilitaka Hamisi anione na mimi. Basi akaiona. Siku hiyo upepo ulivuma kweli, ila ghala liliukinga, na kanga yangu ikaning'inia kama kitambaa cha kufutia masufuria. Hamisi akadhani kumetulia. Akatua upepo ukiwa mgongoni, ndege ikamaliza kiwanja chote, ikaingia mtaroni. Alivunjika mguu. Wakubwa zake walipomuuliza, alisema, "Kosa ni langu. Nilitazama kitu kimoja tu." Hakusema kipi. Mimi kabla vumbi halijatulia nilikuwa nimeshaishusha kanga, nimeifungia sandukuni.

Mguu ukapona. Akaruhusiwa kuruka tena. Jioni ya kuamkia siku ya kutua kwake, Tatu aliniita ng'ambo ya ua.

"Bi Mkubwa! Mzee kaja tena kwenye ndoto. Kaniulizia uji wake. Wewe bado hajakufikia?"

"Bado."

"Labda kasahau mlango." Akacheka mpaka akashika mbavu.

Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikaitoa ile kanga nyekundu. Nikailaza kwenye mto. Nilikusudia alfajiri niitundike palepale. Ndiyo, baada ya yote yale. Nikalala.

Na mzee akaja. Alisimama mlangoni, kavaa kofia aliyofumiwa na Tatu. Hata huko!

"Umepitia kwake kwanza," nikamwambia.

Aliichukua kanga pale kwenye mto, akatangulia, nikamfuata. Changarawe iko chini ya nyayo zangu, naisikia, kisha si changarawe tena, ni bati linalotetemeka, na mimi nimekaa ndani ya ndege. Mzee ameshika usukani, yeye ambaye maisha yake yote hakupanda ndege hata mara moja. Mikono yake inanuka nyasi mbichi. Mgongoni nina mzigo. Sigeuki. Najua uzito ule, najua na joto lake: ni Hamisi wa mwaka mmoja, ana homa, analala.

"Zena," mzee anasema. "Unaona nini?"

"Kanga yangu."

"Na nini tena?"

Natafuta. Kioo chote ni chekundu. Kiwanja sikioni, nyumba sizioni.

"Kanga yangu," nasema tena.

"Basi na yeye aliona hiyo hiyo."

Akanifunika macho kwa kiganja. Alipokiondoa, dunia yote ilikuwa chini yangu. Moshi wa jiko la Tatu umelala chini kama mkeka. Vumbi la ng'ombe linakimbilia upande uleule. Migomba yote imeinama huko. Na kanga ya Tatu mlingotini, iliyopauka, iliyochanika pembe, imenyooka kama ngozi ya ngoma. Kila kitu kinasema upepo huo, upepo huo, isipokuwa changu. Tatu mwenyewe amesimama kando ya kiwanja, mkono kwenye paji la uso, mdogo kama punje. Anamsubiri mwanawe.

Ardhi inapanda. Mzigo mgongoni unanikaza. Nami badala ya kupiga kelele kwa ajili ya mtoto, namuuliza mzee kilichokuwa kinanichoma:

"Kwa nini miaka yote hukuja kwangu?"

"Nilikuja. Ulikuwa unatazama mlango wa Tatu."

Nikazinduka. Kanga nilikuwa nimeikamata kwa mikono miwili, na jogoo wanawika. Sikunawa uso. Nilivuka ua, nikamkuta Tatu anapuliza moto.

"Mama Hamisi," nikasema, na sikuwahi kumwita hivyo, "ile siku ya ajali kulikuwa na kanga nyekundu nyuma ya ghala. Ilikuwa yangu."

Hakuinua kichwa. "Najua. Hamisi aliniambia hospitali, siku ileile. Alisema, mama mkubwa asiambiwe kitu, ataumia."

Msidhani wivu uliniisha. Ulinipanda upya palepale, kwamba hata siri yangu walikuwa nayo wao wawili. Lakini kwa mbali nilishaisikia ndege. Nikarudi kwangu mbio, kwa miguu hii mibovu, nikawatoa wote nje, wana, wakwe na wajukuu, nikawaambia:

"Kanga ya kiwanja ni moja, ya Tatu. Ndege ikisikika, hakuna nguo kuanikwa nje, na ya kwanza kuingizwa ndani ni yangu. Hakuna wa kumpungia Hamisi mkono mpaka pangaboi la ndege lisimame. Na ule mti nyuma ya ghala ung'oeni sasa hivi, mpasue kuni, mzipeleke jikoni kwa Tatu."