Sauti Isiyongojewa

Kwenye kliniki moja hapa mtaani Etobicoke, ughaibuni, mama aliyeketi kando yangu alikuwa ameamriwa na daktari asiseme neno kwa wiki tatu. Kazi yake ni kupokea simu kutwa, na koo limeumia. Bintiye akambembeleza: "Mama, hata yule mwimbaji Mwingereza wa nyimbo za huzuni alipasuliwa koo, akanyamaza, akaahirisha maonyesho. Aliporudi, si uliona walivyomshangilia?"

Mama akaandika nyuma ya bahasha: "Yeye walimngoja."

Binti akasoma, akainama. Mara simu ya mama ikaita, ilitoka kazini. Binti akanyoosha mkono aipokee, mama akamzuia kwa kiganja.

"Haloo," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "kesho nipo."

Ningemkanya, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeomba ruhusa ya saa moja tu kazini.